Siasa Iliyomo Ndani ya Pakiti

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba namna data inavyosafirishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni suala la madaraka. Historia yenyewe inalithibitisha hilo.

Katika simu za zamani, njia moja ilifunguliwa kati ya wazungumzaji wawili na kushikiliwa mpaka mazungumzo yakome. Kituo cha kati kikiharibika, mawasiliano hukatika. Mwaka 1964, dunia ikiwa katika hofu ya vita vya nyuklia, Paul Baran wa taasisi ya RAND nchini Marekani alichapisha pendekezo tofauti: ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kitafute njia yake katika mtandao usio na kitovu, kisha vyote viunganishwe vifikapo. Nchini Uingereza, Donald Davies alilifikia wazo hilohilo kivyake, akaviita vipande hivyo pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969, mtandao wa ARPANET ulipitisha ujumbe wake wa kwanza huko California.

Ndipo ulipozuka mvutano: nani ahakikishe kwamba pakiti zote zimefika, tena kwa mpangilio? Louis Pouzin wa Ufaransa, kupitia mradi wa CYCLADES, alishikilia kwamba jukumu hilo ni la kompyuta zinazowasiliana. Mtandao upitishe tu. Mashirika ya simu, mengi yakiwa ya serikali, yalitaka mtandao wenyewe usimamie kila kitu, na mwaka 1976 kanuni yao ya X.25 ikaidhinishwa. CYCLADES ilinyimwa fedha, ikafa. Fikra yake haikufa: Vint Cerf na Bob Kahn waliitumia katika itifaki zao, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia TCP/IP, msingi wa intaneti ya leo.

Hata hivyo, tusijidanganye. Pakiti hupata njia nyingine pale tu njia hiyo ilipo. Januari 2021, katika mkesha wa uchaguzi, serikali ya Uganda iliamuru intaneti izimwe, na nchi nzima ikakaa gizani kwa siku kadhaa. Kosa halikuwa la Pouzin. Wahandisi waliondoa kitovu katika mtandao. Hawakukiondoa katika dola inayotoa leseni. Kazi hiyo ni yetu raia, nanyi watumishi wa umma mkiwemo: kudai sheria inayotamka wazi ni nani awezaye kuufunga mlango huo, kwa sababu ipi, na anawajibika kwa mahakama ipi.