Jina la Daktari wa Tenwek

Mwaka 1937 wamisheni wa World Gospel Mission walifungua zahanati Tenwek, karibu na maporomoko ya Mto Nyangores, huko Bomet. Kwa miaka zaidi ya 20 kazi yote ilikuwa mikononi mwa wauguzi. Mama aliyeshindwa kujifungua hakuwa na daktari wa kumsaidia hapo.

Daktari alifika mwaka 1959: Ernest Steury, mtoto wa mkulima kutoka Berne, Indiana, pamoja na mkewe Sue. Kwa miaka mingi ya mwanzo alikuwa daktari pekee. Alikaa Tenwek zaidi ya miaka 30. Mwaka 1987 maporomoko yale yale yalianza kuzalisha umeme wa zahanati ile, ambayo sasa ilikuwa hospitali, na chuo cha wauguzi kikafungua milango. Kwangu mimi, chuo kina uzito zaidi kuliko mitambo ya umeme; taa huzimika, muuguzi aliyefunzwa huenda na ujuzi wake mpaka kijijini.

Steury alifariki mwaka 2002. Huko Marekani, chama cha madaktari Wakristo chenye makao Bristol, Tennessee, kina ufadhili wa masomo unaobeba jina lake, kwa wanafunzi wa udaktari walioazimia kutumika katika misheni. Ni heshima inayomstahili, ingawa inashangaza kidogo kwamba jina lililojengwa Bomet linasomesha watu wa mbali.

Tenwek nayo haijalala. Inawafunza madaktari bingwa wa upasuaji na wa tiba ya familia, na kazi haiishi. Bomet na majirani zake wana saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, hata kwa vijana walio chini ya miaka 30. Wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji, na madaktari huwawekea mirija ya chuma ili chakula kipite. Anayejifunza kazi hiyo Tenwek hujifunza kwa wagonjwa wanaotoka hapo hapo alipo.

Ufadhili kama ule wa Steury unaweza kuanzia hapa nyumbani pia. Kila mwaka bonasi ya chai inapoingia, viwanda vya chai kama Kapkoros huwa na shughuli nyingi. Wakurugenzi na wakulima, tengeni senti chache kwa kila kilo, mfungue mfuko wa kumsomesha daktari mmoja wa Bomet au Kericho hadi awe bingwa. Jina la kuuita mnalo tayari.