Kenya Morans na Kombe la Afrika la Mpira wa Kikapu

Kenya Morans ni timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Kenya. Jina lake limetokana na morani, vijana wa rika la askari miongoni mwa Wamaasai na Wasamburu. Kenya ilijiunga na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) mwaka wa 1965, lakini ilishiriki Kombe la Afrika, AfroBasket, kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985 mjini Abidjan, Ivory Coast.

Mwaka wa 1993 Kenya ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayo jijini Nairobi. Angola ilitwaa ubingwa kwa kuibwaga Misri katika fainali, Senegal ikawa ya tatu na Kenya ya nne. Angola na Misri zilikwenda Kanada mwaka uliofuata kucheza mashindano ya dunia. Kenya ilibaki nyumbani, na ilikaa miaka 28 bila kuonekana tena AfroBasket.

Katika kipindi hicho mchezo haukufa nchini. Uliendelezwa na klabu za taasisi, zikiwemo Ulinzi Warriors ya jeshi na KPA ya Mamlaka ya Bandari, Mombasa. Chini ya klabu hizo kulikuwa na michezo ya shule za sekondari, ambapo wengi hujifunza mchezo huu kwenye viwanja vya wazi. Kumbi za kimataifa zilikuwa Nairobi, huko Kasarani na Nyayo. Baadhi ya wachezaji hodari walivuka bahari kusoma na kucheza Marekani. Mmoja wao ni Tylor Okari Ongwae, aliyechezea Chuo Kikuu cha Louisiana kilichoko Monroe.

Mwamko ulianza Julai 2019 mjini Bamako, Mali, katika AfroCan, mashindano yanayolenga hasa wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika. Chini ya kocha Cliff Owuor, Kenya ilifika fainali na kushindwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa 82–61. Januari 2020, katika ukumbi wa Nyayo, Morans waliilaza Sudan Kusini na kuingia mchujo wa AfroBasket. Huko walipangwa pamoja na Senegal, Angola na Msumbiji.

Raundi ya mwisho ya mchujo ilichezwa Yaoundé, Kameruni, Februari 2021. Kocha mkuu sasa alikuwa Liz Mills kutoka Australia. Kenya ilikutana na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 hadi wakati huo. Pambano lilikwenda bega kwa bega hadi sekunde za mwisho, Ongwae akaruka na kutupa mpira, nao ukatumbukia kikapuni king'ora kikilia: 74–73. Kenya ilikuwa imefuzu.

Fainali zilifanyika Kigali, Rwanda, kuanzia Agosti 2021. Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume kama kocha mkuu katika AfroBasket. Kenya ilishindwa na Ivory Coast na Nigeria, lakini iliifunga Mali 72–66 na kuvuka hatua ya makundi. Katika mechi ya kuwania robo fainali ilikutana tena na Sudan Kusini, iliyokuwa imepewa nafasi ya Algeria baada ya nchi hiyo kujiondoa kwenye mchujo. Safari hii Kenya ilipoteza kwa pointi mbili tu, 60–58.

Baada ya hapo njia za majirani hao ziliachana. Sudan Kusini ilicheza Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris ya 2024. Kenya iliondolewa mapema katika mchujo wa Kombe la Dunia, na haikufuzu kwa AfroBasket ya 2025. Habari njema ilitoka upande wa klabu: Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, mwaka wa 2025.

Timu ya taifa ya wanaume haijawahi kucheza Kombe la Dunia wala Olimpiki. Nafasi ya nne ya 1993 ndiyo bora zaidi iliyowahi kupata katika AfroBasket.