Hisia Zisizohesabiwa: Udhaifu wa Mwisho wa Filamu ya Pumzi

Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, imezungukwa na maji, lakini aliyewahi kupanda mche huko wakati wa kiangazi anajua kwamba ziwa halijileti bustanini. Kati ya ziwa na mche kuna ndoo, kuna kichwa cha kuibeba, na kuna mbuzi wa jirani. Kwa jicho hilo la kisiwani naitazama Pumzi, filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Nadai kwamba filamu hii inadhoofishwa na huruma ya mwongozaji wake, na udhaifu unaanzia pale anapoacha kuhesabu maji.

Mwanzo wake ni madhubuti. Miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji, jumuiya ya Maitu inaishi ndani ya kuta. Mkojo na jasho huchujwa na kunywewa tena, umeme hutokana na misuli ya watu, ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapopokea udongo wenye unyevu na kuotesha mbegu ndani yake, uzito wa kila tone tunauhisi wenyewe.

Kisha Asha anatoroka na mche wake. Jangwani anaupanda mche, anaumwagia maji aliyobaki nayo, anaukamulia jasho, anaukinga na jua kwa mwili wake. Hapo alipolala panaota mti. Picha inapendeza, ila kanuni ya dunia ile imevunjika. Ikiwa maji ya mtu mmoja yanaotesha mti jangwani, kuchuja kote kule kulikuwa kwa ajili ya nini? Nani aliutuma ule udongo? Kwa nini Baraza linaloitawala Maitu linakana kuwapo kwa uhai nje ya kuta? Maswali hayo yanazikwa pamoja na Asha, nasi tunaachiwa machozi.

Wapo watakaosema kwamba mwisho huu ni wa kihekaya, na kwamba unamuenzi Wangari Maathai, ambaye Kahiu alimtengenezea filamu ya hali halisi. Lakini Maathai ananiunga mkono mimi. Vuguvugu la Mkanda wa Kijani, aliloanzisha 1977, liliwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche uliopona. Kupanda peke yake hakukutosha. Mche ulirudiwa na kuhesabiwa.

Ukerewe nayo ina somo lake. Katika riwaya ya Myombekere na Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili 1980, Mkerewe Aniceti Kitereza alikuwa na kisa cha kuliza: mume na mke wasiojaliwa mtoto. Hakukimbilia kilio. Ili arudishiwe mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, Myombekere anawatengenezea wakwe pombe ya ndizi, na msomaji anaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua hadi mapenzi yanajidhihirisha bila kutajwa.

Kahiu alikuwa nayo kazi ya namna hiyo mikononi, akaibadili kwa sadaka. Asha aliye hai, mwenye kiu, akirudi siku ya pili kuutazama mche, angetuuma zaidi kuliko Asha aliyegeuka mti.