Mganda Haujafa, Hauna Nyumba

Tarehe 1 Aprili 2023, mjini Las Vegas, Marekani, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya muziki wa panki. Kwa asiyeujua, panki ni muziki wa vijana wa London na New York wa miaka ya 1970: gitaa linalokwaruza, wimbo wa dakika mbili, jaketi lililochanwa makusudi na kushikizwa kwa pini za nepi. Mwaka 1977, Uingereza ikisherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti cha enzi, kundi la Sex Pistols lilitoa wimbo wa kumkejeli na BBC ikakataa kuupiga. Leo majaketi yale yamewekwa kwenye makabati ya vioo na watu wanalipa kiingilio kuyatazama. Waislandi waliwatangulia Wamarekani. Mwaka 2016 walifungua makumbusho yao ya panki mjini Reykjavik, chini ya ardhi, katika vyoo vya umma vilivyokuwa vimefungwa, na aliyeitwa kufungua ni John Lydon mwenyewe, mwimbaji wa Sex Pistols.

Vyoo, ndugu msomaji. Nchi ya watu wasiofika laki nne ilitafuta mahali pa kutunza kelele za vijana wake, ikaona hata choo kinafaa kikisafishwa. Sisi wa Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa tuna mganda, muziki wa vijana ulioitangulia panki kwa zaidi ya nusu karne, wenye sare zake, vyeo vyake, kejeli zake na ugomvi wake, na hatujaupa hata stoo. Niliwahi kuingia ofisi moja, siitaji, kuuliza sare na ngoma za vikundi vilivyovunjika zinaweza kuhifadhiwa wapi. Nikaambiwa nilete andiko la mradi. Sare inaliwa na mchwa, mimi naandika andiko.

Historia ya sehemu hii kila mwanafunzi ameisikia. Wamatengo na ngoro zao, mashimo yao ya kilimo, milimani. Wanyasa, Wampoto na Wamanda kule chini ziwani. Wangoni waliofika kutoka kusini katika karne ya 19. Waanglikana wa UMCA wakaweka makao kisiwani Likoma mwaka 1885, Wabenedikti wakajenga Kigonsera mwaka 1899, na tangu 1901 meli Chauncy Maples ikawa inazunguka ziwa na walimu, vitabu na wagonjwa. Hayo yameandikwa na wengi. Mimi nataka kusimama kwenye mganda.

Anza na lipenga, ala yake. Ni kibuyu kilichokatwa mdomo, kirefu au kifupi kulingana na sauti inayotakiwa. Pembeni kimetobolewa tundu dogo, na tundu hilo limezibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mwembamba anaofunikia mayai yake, ukabandikwa kwa nta au ulimbo. Mchezaji hapulizi, anaimba ndani. Sauti yake inaingia ya mtu na kutoka ya kitu kingine, nene, yenye mkwaruzo, na wakiwa kumi na watano, wa sauti ya juu na wa besi, ngoma kubwa ikiwagongea hatua, ardhi ya uwanja inasikika miguuni. Wapiga gitaa wa London walifungulia spika mpaka zikapasuka ili wapate mkwaruzo wa namna hiyo. Huku kazi ilifanywa na buibui.

Halafu tazama mavazi: shati jeupe, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa ikasimama, soksi ndefu, mkanda, filimbi, leso. Mistari imenyooka. Kuna mfalme, makapteni, masajini, na katika vikundi vingine hata daktari wa kukagua wachezaji. Kijiji kinakialika kijiji kingine baada ya mavuno, wanalishwa, wanachezeshana siku nzima, na anayealikwa mwaka huu ana deni la kualika mwaka ujao. Wenyewe wanauita mchezo. Wanawake wana ngoma yao, kioda, nao hawachezi kwa kubahatisha.

Hapo ndipo wataalamu walipokosea kwa muda mrefu. A. M. Jones aliandika makala juu ya mganda mwaka 1945. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell akatoa utafiti wake wa kalela, ngoma ndugu ya mganda aliyoikuta Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mitchell alikuwa mtafiti makini, lakini alipoziona suti na vyeo aliona watu wanaoutamani uzungu wasioweza kuufikia, wakajipatia ladha yake kwa kuuigiza. Maelezo hayo yakapendwa. Hata leo utasikia msomi wetu akisema mganda ni kuiga gwaride la mkoloni, basi.

Nawaomba wanaosema hivyo washuke ziwani, hadi Liuli.

Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililoinuka majini lenye sura ya sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao ya kijeshi, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha Mwingereza wa Gwendolen, na inasimuliwa kuwa walikuwa wakikutana kunywa pamoja. Habari za vita Ulaya zilimfikia Mwingereza kwanza. Tarehe 13 Agosti akaja na Gwendolen, akasimama mbali, akaanza kumpiga mwenzake mizinga. Berndt, kama hadithi inavyokwenda, alirukia mtumbwi akapiga makasia kwa hasira kumwendea rafiki yake, akamuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na yeye ni mateka. Magazeti ya London yakatangaza ushindi wa majini wa Ziwa Nyasa.

Sasa wewe ni kijana wa Liuli umesimama ufukweni siku ile. Umewaona wazungu wawili waliokuwa wakinywa pamoja, wenye sare nyeupe na vyeo mabegani, mmoja anampiga mizinga mwenzake, mwingine anamuuliza kama amelewa. Nani hapo alikuwa anacheza mchezo? Mitchell anataka tuamini kwamba kijana huyo alitoka pale na tamaa ya kuwa Rhoades. Mimi naamini alitoka akijua kwamba jeshi ni kitu kinachoweza kuchezwa, na kwamba yeye angekicheza vizuri zaidi.

Na hakutazama tu. Fanya hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1920 alizaliwa 1900. Kama ni wa upande wa Ungoni, akiwa na miaka sita aliiona njaa iliyofuata Majimaji, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba. Akiwa na miaka 14 mizinga ililia Liuli. Akiwa na 16 au 17 alikamatwa kubeba mizigo ya jeshi, la huyu au la yule, katika vita iliyoua wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na njaa. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck akapita karibu na Songea akitokea Msumbiji kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, na homa ya mafua ikazoa waliobaki. Kijana huyu alikuwa ameona majeshi ya kumtosha maisha yake yote. Akaunda la kwake: mfalme ni jirani yake, cheo kinapatikana kwa kucheza vizuri, silaha ni kibuyu, na vita ikiisha watu wanakula. Wazee hawakumchagua, misheni haikumtuma, bwana shauri hakumpa ruhusa. Vijana wa London wa 1976, wasio na kazi wala matumaini ya kazi, walifanya jambo la aina moja na hili kwa pini na gitaa, na dunia ikawaita waasi.

Terence Ranger ndiye aliyemrekebisha Mitchell. Kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, ngoma ya gwaride ya ukoo mmoja na mganda, kilionyesha kuwa beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, kutoka katika mashindano ya mitaa yaliyokuwapo kabla ya tarumbeta yoyote ya kizungu. Kwamba vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vilipanda bara pamoja na askari, makarani na wapagazi. Na kwamba wakubwa wa serikali ya Kiingereza waliitilia shaka wakidhani kuna siasa ndani yake. Ni kitabu kizuri. Lakini Ranger anasafiri kutoka baharini, na mtu anayesafiri kutoka baharini huliona ziwa kama kituo cha mwisho, mahali pa kupokelea. Tarumbeta za shaba za pwani hazikupokelewa hapa. Watu wa ziwa waliziacha wakachukua kibuyu na utando, ufundi wa zamani wa sehemu hizi. Mafundi wa marimba wa Malawi na Msumbiji wamekuwa wakiziba vibuyu vyao kwa utando ili sauti ivume tangu zamani. Wengine wanasema ni kwa kukosa fedha za tarumbeta. Fedha hazikuwapo, ni kweli. Ila vijana waliorudi na mishahara kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga na migodi ya kusini walinunua kaptura, soksi na viatu, hawakununua tarumbeta. Huko ni kuchagua.

Wenzetu wa Malawi nao wana neno lao. Kwao malipenga, jina jingine la mganda, ni ngoma ya Watonga wa Nkhata Bay na ya wenyeji wa Likoma, na kijitabu cha Koma-Koma juu ya m'ganda kilichapishwa kwao mwaka 1965, sisi tukiwa hatuna hata kipeperushi. Siwezi kugombana nao sana. Wanyasa wa Likoma na wa Mbamba Bay ni ndugu wanaooana na kuzikana. Chauncy Maples ilipokuwa ikizunguka vituo, mwanafunzi aliyejifunza hatua mpya Likoma alishuka nayo Liuli. Serikali zetu mbili zinabishana juu ya maji kwa sababu ya mkataba ambao Mwingereza na Mjerumani walitiliana saini tarehe 1 Julai 1890. Mwaka 2012 ubishi ulipanda hadi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa kusini mwa Afrika wausuluhishe. Tunadai mpaka upite katikati ya ziwa. Mchezo uliozaliwa na ziwa hilo tumewaachia wote bila kudai kitu.

Kuna Mmarekani mmoja tunayemdai shukrani. Stephen Hill aliishi na wachezaji wa Umatengo, akaandika sura yenye kichwa “Mchezo Umelala” katika kitabu Mashindano!, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2000, kisha mwaka 2001 akaandika makala inayouliza kama mganda umekufa. Aliitazama hali kwa jicho la uchumi, na kwa hilo yuko sawa: kualika kijiji kizima kunataka ng'ombe au nguruwe, unga na pombe, na Mbinga vitu hivyo hununuliwa kwa fedha ya kahawa. Kahawa ikianguka, mwaliko unaahirishwa. Ninapotofautiana na wanaomnukuu ni pale wanaposoma swali lake kama jibu. Nimeukuta uwanja wa kijiji umefagiliwa, mistari ya chokaa imechorwa, na vijana wa kidato cha pili wakigombea nani abebe lipenga la besi.

Karne iliyobaki naipita mbio. Uhuru ulikuja na mganda ukacheza mbele ya wageni wa serikali. Vijiji vya ujamaa vikaunganisha vikundi vilivyokuwa mahasimu. Soko huria la miaka ya 1990 likaitikisa kahawa. Kwaya, spika za kukodi na bongo fleva zikachukua jioni. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ikakatwa kutoka Mbinga, makao yake Mbamba Bay. Lami ikashuka milima mpaka ziwani. Mwaka 2021 MV Mbeya II ikaanza kubeba abiria.

Mtu ataniambia mkoa wa Ruvuma tayari una makumbusho. Unayo, na ninawasihi watu waende. Makumbusho ya Majimaji pale Songea yana kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60, na Nduna Songea Mbano kalazwa peke yake. Pale ndipo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliposimama tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Nilipoingia mimi nilinyamaza kama wengine. Lakini kifo siyo jambo pekee lililotupata. Walionusurika walikuwa na watoto, na watoto wale walivaa kaptura nyeupe wakaanza kucheza. Historia ya Ruvuma tunayoionyesha inakoma kwenye kamba ya kunyongea. Ya baada yake tumeiacha iliwe na mchwa.

Nyumba ya mganda ijengwe Liuli, jabali likionekana dirishani, pale ilipopigwa mizinga na alipozikwa mwaka 1928 padre mzee wa UMCA, William Percival Johnson, aliyekaa ziwani zaidi ya miaka 40. Chumba kimoja kinatosha kwa kuanzia. Kiwe na malipenga ya sauti zote, ngoma kubwa moja, sare tatu au nne, madaftari ya vikundi yenye orodha za vyeo na michango, picha, na spika ya kusikilizia. Halmashauri mbili, Nyasa na Mbinga, zikae meza moja. Likoma waalikwe tangu kikao cha kwanza.

Nawe mwenye sare ya baba kwenye sanduku, usiikate matambara. Mwenye daftari la kikundi, lifunge kwenye nailoni. Mganda huchezwa kiangazi, baada ya mavuno, na wazee wanaojua nyimbo za vikundi vya zamani wanapungua. Mwenye simu ya kurekodi aende kiangazi hiki, na aandike jina la kijiji na mwaka.