Sahihi Isiyo Sahihi

Picha yenyewe inaenea kiganjani. Mwanamke ameinamisha kichwa kidogo, nywele zimemwagikia bega moja, na macho yake hayakutazami wewe bali kitu kilicho nyuma yako. Chini, karibu na ukingo, kuna maandishi meupe ya mlazo: Nargis. Kwa zaidi ya miaka hamsini imekaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha bibi yangu, Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke, imefungwa kwa kipande cha khanga. Majirani zake humo kopani ni kadi ya TANU, kadi ya kliniki ya mama yangu na risiti ya mabati ya nyumba.

Mwaka jana ada ya shahada ya uzamili ilinielemea. Sikumwambia Bibi, lakini mama alimwambia. Nilipokwenda kumsalimia, alilitoa kopo na kuifungua ile khanga taratibu.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "si unasoma historia wewe? Haya, katafute mnunuzi. Hii ina sahihi ya mwenyewe. Niliambiwa inazidi mshahara wangu."

Nilimwuliza aliyemwambia ni nani. Ndipo nikasikia habari ambayo miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia.

Bibi alianza kazi ya uyaya Upanga mwaka 1966, akiwa na miaka ishirini. Mwaka anaukumbuka kwa sababu ndio Drive-In ilifunguliwa, kule upande wa Msasani, na familia aliyoifanyia kazi ilikuwa na gari. Jumapili jioni vyakula vilipakiwa, watoto wakajazana kiti cha nyuma, yeye akampakata mdogo. Wakubwa walitazama sinema wakiwa ndani ya gari. Yeye na watoto walitandika mkeka pembeni. "Nilikuwa naona sinema bure," anasema, "ila nilikuwa kazini." Leo mahali pale upo ubalozi wa Marekani. Ukipita na daladala unaona ukuta tu, na huwezi kudhani kwamba watu walikuwa wakikaa hapo kwenye nyasi wakimlilia mwigizaji wa Bombay.

Na walimlilia kweli. Pwani yetu ilikuwa na majumba ya sinema mapema sana. Zanzibar ilipata jumba lake la Royal mwaka 1921, lile lililokuja kuitwa Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na mengine. Filamu za Kihindi hazikuwa za Wahindi peke yao. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake watupu, ili hata waliotawishwa ndani wapate kutoka. Waimbaji wa taarab walichukua mahadhi ya filamu hizo na kuyatilia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alijipatia jina kwa mahadhi ya namna hiyo. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu cha Reel Pleasures (2018) kuhusu sinema katika miji ya Tanzania, alizungumza na watazamaji wa zamani, na filamu waliyoitaja tena na tena ni Awara.

Awara ilitoka mwaka 1951, lakini filamu iliyopendwa haikuzeeka hapa. Ilirudishwa na watu wakarudi nayo. Bibi aliiona katika sinema mojawapo ya mjini, siku ambayo binti mkubwa wa nyumba alihitaji mtu wa kumsindikiza. Binti yule alikuwa na miaka kumi na sita hivi, na chumbani kwake kulikuwa na rundo la Filmfare, jarida la sinema lililoanza Bombay mwaka 1952. Gizani alikuwa akimtafsiria Bibi kwa kunong'ona.

Kilichomshika Bibi si nyimbo. Ni mahakama. Katika filamu ile Nargis ni Rita, mwanasheria kijana anayemtetea kijana mwizi, na anasimama kumhoji jaji mzima, tena jaji aliyemlea. "Mwanamke kavaa joho," Bibi ananiambia mpaka leo kwa sauti ya kushangaa, "anamwuliza mzee maswali, na mzee anatakiwa ajibu!" Mtoto wa kike wa Temeke aliyeishia darasa la tatu hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, wala hakujua kwamba kinawezekana.

Mwaka 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa wenye majengo walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao waliondoka nchini. Baba wa familia ile alikuwa na jengo la namna hiyo. Haikupita miezi mingi, masanduku yakaanza kufungwa. Safari ya Uingereza.

Bibi alikuwa akiwadai mshahara wa miezi miwili. Mama mwenye nyumba alimwambia fedha zimekwama, watamtumia wakifika. Siku ya mwisho yule binti alimvuta pembeni, akachomoa picha kutoka kwenye jarida. Alimwambia kwamba alimwandikia Nargis barua Bombay, na Nargis akamjibu kwa picha yenye sahihi yake mwenyewe. Akamwambia aitunze, kwamba inazidi ule mshahara, na kwamba siku moja itamsaidia.

Bibi aliitunza. Hakuitundika ukutani, maana hakuichukua kama picha. Aliichukua kama akiba.

Basi nikaanza kazi. Wapo watu duniani wanaokusanya picha za waigizaji wa kike wa zamani zenye sahihi, na kabla ya kutazama uso wanatazama wino. Wanajua kwamba sehemu kubwa ya sahihi hizo hazikuandikwa na wenye majina. Huko Hollywood, miaka ya 1930, barua za mashabiki zilikuwa nyingi mno kwa mkono wa mtu mmoja. Makatibu walisaini. Mihuri ilisaini. Mama yake Jean Harlow alisaini kwa niaba ya bintiye, na mashabiki waliopokea picha hizo waliamini wanashika maandishi ya nyota. Greta Garbo alikuwa mchoyo wa sahihi, ndiyo maana ya kweli ikipatikana bei yake haishikiki.

Njia nyingine ilikuwa rahisi zaidi. Mwigizaji aliandika mara moja tu, juu ya negativu, ile filamu ambayo ndani yake weusi huwa weupe na weupe huwa weusi. Pale penye wino mwanga haupiti, kwa hiyo kwenye karatasi panabaki peupe. Ukishapata negativu hiyo, unaweza kuchapa picha elfu, na kila moja inatoka na sahihi yake.

Nargis wa Bibi alikuwa na sahihi nyeupe.

Niliazima lenzi kwa fundi saa wa Kariakoo. Nikaiinamisha picha dirishani. Wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na kung'aa tofauti. Huu ulikuwa chini ya mng'ao, sawasawa na nywele na shavu. Nyuma hapakuwa na alama ya kalamu kugandamiza. Bado nikajipa moyo, mpaka usiku mmoja nilipoikuta picha ile ile ikiuzwa mtandaoni. Pozi lile lile, jina lile lile, mkia wa herufi ya mwisho umekunjika vile vile. Mkono wa binadamu haurudii jina lake namna hiyo.

Lugha yetu ina jambo la ajabu hapa. Vijana tunasema saini, lakini Bibi na wenzake wanasema sahihi, na neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa kitu kilicho kweli. Kwa Bibi, kusema sahihi hii si sahihi ni sentensi inayojipinga.

Wiki mbili sikwenda Mtoni. Niliwaza nikope, nimpelekee Bibi fedha, nimwambie imeuzwa. Ingekuwa rahisi. Lakini mchana nilikuwa nikikaa maktaba nikisoma juu ya mwaka 1971: majengo, fidia, hotuba, Msajili wa Majumba. Walikuwapo waliopokonywa na walikuwapo waliogawiwa. Yaya sikumkuta. Sikumkuta kwa sababu hakuna aliyemwandika, na mimi nilikuwa najiandaa kumwandikia uongo.

Siandiki haya kuishitaki familia ile. Nao waliondoka wakiacha mengi ambayo hayakurudi. Lakini machungu yao hayakuufuta mshahara wa miezi miwili.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta uani, ungo mapajani, akichambua mchele. Nilimpa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: negativu, lenzi, picha pacha. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo yule mtoto alinidanganya?"

"Sidhani, Bibi. Nadhani na yeye alidanganywa. Aliandika barua, wakamtumia iliyochapwa, akaamini."

Aliokota kijiwe, akakitupa.

"Na mama yake?"

Sikuwa na jibu. Bibi aliutikisa ungo mara mbili, tatu. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekumbuka kitu.

"Kumbe bado nawadai."

Miaka yote hiyo alikuwa amelihesabu deni lile kuwa limekwisha. Sasa lilikuwa limerudi, na niliona halikumwelemea. Lilimkalisha vizuri kwenye mkeka. Alinitajia miezi yenyewe, Oktoba na Novemba. Alinitajia kiasi, mpaka senti. Alinitajia kazi alizofanya katika miezi hiyo miwili, ikiwamo kufunga masanduku yao.

"Andika," alisema. "Si unasoma historia wewe?"

Nikaandika. Chuoni kwetu ukimhoji mtu kwa ajili ya utafiti, lazima akubali kwa maandishi. Nilikuwa na fomu mkobani, nikamsomea polepole, nikamwambia anaweza kuweka dole gumba kama anapenda. Alinitazama kama nimemtukana. Kusoma na kuandika aliendelea nako kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, na jina lake analiandika mwenyewe.

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akashika kalamu. Ilichukua muda. Herufi moja, pumziko, herufi nyingine. Mchele ulimsubiri.

Picha imerudi kopani. Ada nalipa kwa vipande, na kipande kimoja bado. Fomu ninayo mezani ninapoandika haya. Nikiigeuza nyuma na kupitisha kidole, nalisikia jina la Bibi limetokeza kwenye karatasi, pale alipogandamiza.