Mahali pa Swichi Katika Mashine za Michezo

Katika miaka ya mwanzo ya biashara ya mashine za michezo ya video, swichi ya umeme ilikuwa amana ya mwenye mali peke yake: mteja aliyeikabili Pong, iliyoundwa na Allan Alcorn wa Atari na kuwekwa mwaka 1972 katika baa ya Andy Capp's Tavern mjini Sunnyvale, Marekani, alikuta vifundo viwili vya kuzungusha na tundu la sarafu, wala hakutarajiwa kujua umeme unawashiwa wapi. Desturi hii ilikuwapo tangu mashine za gololi, ambazo aghalabu swichi yake ilikaa chini ya tumbo la sanduku. Katika makabati yaliyofuata mara nyingi ikawekwa mgongoni au utosini.

Sababu haikuwa uchoyo mtupu. Mashine ikizimwa ilhali sarafu ya mtu imo ndani, ugomvi huzuka. Tena Space Invaders ya mwaka 1978 ilisahau alama za juu mara umeme ulipokatika, hata ikaja Defender ya kampuni ya Williams, mwaka 1981, na betri za kuhifadhi kumbukumbu, ikiweka orodha mbili, ya mabingwa wa leo na ya mabingwa wa daima.

Ama siku hizi, kabati moja huweza kuwa mali ya wanachama wote wa karakana au klabu, na kila mchezaji ni mlinzi pia. Hapo swichi iliyobanwa baina ya mgongo wa kabati na ukuta humnyima haki aliye katika kiti cha magurudumu. Kanuni za Marekani za mwaka 2010, zilizotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, zataka kishikwacho na mtumiaji kiwe kati ya inchi 15 na 48 kutoka sakafuni, kiendeshwe kwa mkono mmoja pasi na kubana wala kusokota kifundo cha mkono, kwa nguvu isiyozidi ratili 5.

Kuileta swichi mbele, hata hivyo, ni kuikabidhi kwa watoto. Wengine huitumbukiza swichi ndani ya kishimo, wakimsahau asiyeweza kunyoosha kidole. Wengine hudai ibonyezwe kwa sekunde kadhaa, jambo zito kwa mkono utetemekao. Mimi naona afadhali kitufe kipana kinachokubali hata ngumi, chenye ukingo mfupi na nyaya za umeme mdogo, kikitaka kubonyezwa mara ya pili ili kuthibitisha, kisha kompyuta iliyomo kabatini ifunge kazi zake kabla ya umeme kukatwa.