Mapenzi ya Siku Chache: Wasomaji wa Tolkien tangu 1955

Mwaka 1937 J.R.R. Tolkien, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa hadithi ya watoto iitwayo The Hobbit. Ilipendwa, na mchapishaji akaomba mwendelezo. Mwendelezo huo, The Lord of the Rings, ulitoka katika majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955, ukiwa riwaya ndefu ya vita na wafalme. Katika insha hii ninaangalia jinsi wasomaji walivyoyapokea mapenzi yaliyomo. Hoja yangu ni kwamba malalamiko ya wasomaji ni chanzo cha historia, kwa sababu kila mmoja hupima mapenzi kwa kipimo cha wakati wake.

Lalamiko la kwanza lilikuwa la uchache. Mwaka 1955 mshairi na mhakiki Edwin Muir aliandika katika gazeti la Observer kwamba mashujaa wa kitabu hicho ni kama wavulana, wala hawajui lolote kuhusu wanawake. Alikuwa na sababu. Mfalme Aragorn anamwoa Arwen mwishoni, lakini msomaji amemwona Arwen mara chache tu. Kisa cha mapenzi yao kimewekwa katika viambatisho, baada ya hadithi kwisha.

Lalamiko la pili lilikuwa la haraka. Éowyn, binti wa ukoo wa kifalme, anampenda Aragorn bila kupendwa. Anakwenda vitani akitafuta kifo, anajeruhiwa, na katika nyumba ya matibabu anakutana na Faramir, majeruhi mwenzake. Siku chache zinatosha kuwaunganisha, na baada ya ushindi wanakubaliana kuoana. Msomaji mmoja alimwandikia Tolkien kulalamikia kasi hiyo. Rasimu ya jibu lake, ya mnamo 1963, imehifadhiwa. Tolkien alijibu kwamba kwa uzoefu wake hisia na maamuzi hukomaa upesi watu wanapokuwa katika dhiki kuu, hasa wanapotazamia kifo. Aliongeza kwamba watu wa hadhi kama wale hawahitaji kuzungushana.

Neno "uzoefu" hapo lina uzito. Tolkien alimwoa Edith Bratt Machi 1916, na Juni mwaka huohuo akapelekwa Ufaransa, kwenye vita vya Somme. Rafiki zake wawili wa tangu shule, Gilson na Smith, walikufa kabla ya mwaka huo kwisha. Aliyeaga mke wa miezi mitatu namna hiyo hakuona ajabu watu kuamua ndani ya siku chache. Msomaji wa 1963, katika Ulaya yenye amani, alikuwa na muda wa kusubiri.

Mimi ninatoka Bujumbura. Katika ukoo wetu wapo wazee walioposana na kuoana ndani ya majuma machache ya vita, na sijasikia mtu akiwauliza kwa nini waliharakisha. Kwa hiyo nilipofika kwenye sura ya Éowyn na Faramir, sikuona kasoro. Hata hivyo sitetei kila neno la Tolkien. Kusema kwamba hadhi ndiyo huondoa mizunguko ni fikra ya tabaka lake, kwa maana wazee ninaowasema walikuwa wakulima.

Lalamiko la tatu lilikuja na filamu za Peter Jackson. Arwen aliongezewa nafasi, na ilipojulikana kwamba angepigana katika vita vya Helm's Deep, baadhi ya wapenzi wa kitabu walikasirika. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2002, mapigano yake hayakuwemo. Mapenzi yaliyokuwa machache mno kwa Muir sasa yalionekana kuzidi.

Kwa kumalizia, maneno ya kitabu yalikuwa yaleyale. Waliobadilika ni wasomaji. Mwanahistoria anayekutana na msomaji akisema "wamependana haraka mno" aulize kwanza msomaji huyo aliishi lini na wapi, na kama aliwahi kuagana na mtu bila kujua kama atarudi.